Jinsi ya kuwafundisha maafisa ustawi wazoefu kusimamia na kupima wanafunzi wa fildi

Swali hili linarudi kila mara na linakuja kwa maneno yale yale: nimeambiwa niandae mafunzo ya wasimamizi wa fildi (yaani mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wa ustawi wa jamii maofisini), watu wenyewe wana miaka kumi kumi kazini, nianzie wapi? Wengine wanauliza ni siku ngapi, wengine wanaomba slaidi za kukopi, na karibu wote wanauliza wafanyeje na yule mkongwe anayekaa nyuma amekunja mikono. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, ukiwa na swali lako pitia huku kwanza.

Kabla hatujaenda mbali shika kitu kimoja. Hawa watu kazi wanaijua, tena wengine wanaijua kuliko wewe unayewafundisha, kwa hiyo usiende kuwafundisha ustawi wa jamii. Unaenda kuwafundisha mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha: kuisema kazi yao kwa mdomo mpaka mtu mgeni aielewe, na kumpima mwanafunzi kwa vitu walivyoviona kwa macho, sio kwa vile wanavyojisikia juu yake. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye hayo mawili.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Fomu ya tathmini yenyewe inayotumiwa na chuo. Sio mfano wa kwenye intaneti, ile ile watakayoijaza. Pata nakala ya kila mshiriki.
- Mwongozo wa fildi wa chuo, na jina la mratibu wa fildi anayepokea simu kweli.
- Ripoti mbili za wanafunzi wa zamani, kwa ruhusa yao, umefuta majina yote, ya mwanafunzi, ya mteja, ya ofisi, ya mtaa. Moja iwe nzuri na moja iwe ya katikati katikati, hii ya katikati ndo itakusaidia zaidi.
- Kesi tatu za kutunga kwa ajili ya maigizo. Usitumie kesi halisi hata ukibadilisha majina, kwenye chumba cha maafisa wa eneo moja kuna mtu ataitambua tu.
- Mwanafunzi mmoja aliyemaliza fildi hivi karibuni, aje nusu saa tu.
- Washiriki wasiozidi kumi na wanne. Wakizidi hapo maigizo yanageuka maonyesho, watatu wanafanya wengine wanatazama.
- Neno la meneja wao, kwa maandishi, kwamba atakayechukua mwanafunzi atapunguziwa kesi.

Hilo la mwisho watu wanaliruka halafu wanashangaa kwa nini mafunzo hayazai kitu. Mtu mwenye mafaili sitini mezani ukimwongezea mwanafunzi hujamwongezea msaidizi, umemwongezea kazi, hasa wiki za mwanzo. Usipolimaliza na meneja mapema, watu watakaa siku zako zote wakiwaza mafaili.

Kuhusu siku: mimi natumia nne na hazifuatani. Mbili mwanzo kabla wanafunzi hawajafika, moja katikati fildi ikiwa imeshachanganya, moja karibu na mwisho wakati fomu zinajazwa. Ukizibana zote wiki moja watu wanaondoka na daftari limejaa, mwezi wa pili mwanafunzi akianza kuleta shida hawakumbuki kitu.

Na angalia kanuni za kwenu kuhusu urefu wa fildi, zinatofautiana sana. Marekani mwanafunzi wa digrii ya kwanza anatakiwa afikishe angalau saa 400 na wa masta saa 900. England wanahesabu siku, fildi ya kwanza siku 70 na ya mwisho siku 100. Ratiba ya vikao na ya tathmini inakatwa kutoka kwenye urefu huo, kwa hiyo ijue kabla hujapanga chochote.

HATUA YA 1: Waanzie kwenye fildi zao wenyewe

Usifungue na slaidi. Wakae wawili wawili, kila mmoja amsimulie mwenzake siku moja anayoikumbuka kutoka kwenye fildi yake ya uanafunzi, dakika kumi kila mtu. Halafu chora safu mbili kwenye flipchati, alichofanya msimamizi wangu kikanijenga, na alichofanya kikaniumiza.

Utashangaa vitu vyenyewe ni vidogo. Kuna aliyepewa dawati la kona akakaa wiki tatu bila kuambiwa afanye nini. Kuna aliyeitwa "wewe mwanafunzi" mpaka siku ya kuaga. Kuna ambaye msimamizi wake alimwambia mbele ya mteja "hili alilolisema mwenzangu ni kweli", na mpaka leo, miaka ishirini, akilisimulia uso unabadilika. Ile karatasi ibandike ukutani ikae siku zote nne, mtu akianza kusema wanafunzi wa siku hizi wavivu, mwonyeshe ukuta.

HATUA YA 2: Waitoe kazi mikononi waiweke mdomoni

Hapa ndo moyo wa mafunzo, kipe nusu siku nzima.

Tatizo la mzoefu ni kwamba kazi imeshamwingia mwilini, anaifanya bila kujiona anaifanya. Nilikuwa na mama mmoja kwenye kundi, miaka kumi na saba kwenye kesi za watoto, nikamwomba atueleze dakika kumi za kwanza za kutembelea nyumba. Akasema, "Naingia, nasalimia, najitambulisha, naongea nao." Amemaliza. Nikamuuliza, baada ya kusalimia ulifanya nini? Akafikiri. "Nilisubiri nionyeshwe pa kukaa." Kwa nini? "Ni kwao pale, mi mgeni." Ukakaa wapi? "Karibu na mlango, ila sehemu ambayo namwona mtoto." Uliona nini? "Nilimuuliza mtoto jina lake, kabla hajajibu akamwangalia baba kwanza." Ukafanya nini? "Sikufanya kitu. Nikaliweka kichwani, kuangaliana tu hakutoshi kusema lolote, nikasema nitalitazama tena nikirudi."

Chumba kizima kilinyamaza. Yaani ndani ya dakika chache huyu mama alikuwa ameshaheshimu nyumba ya watu, ameshachagua pa kukaa kwa sababu, ameshaona kitu na ameshajizuia asikimbilie hukumu, na mwanafunzi aliyekaa pembeni yake asingeona hata kimoja. Angeandika kwenye logbuku (daftari lake la kazi za kila siku) "tulitembelea familia tukaongea nao vizuri" na msimamizi angesaini.

Fanya hivi: wagawe watatu watatu. Mmoja anasimulia kazi moja fupi aliyoifanya wiki iliyopita (bila kumtaja mteja), wa pili anauliza, wa tatu anaandika. Anayeuliza anaruhusiwa maswali manne tu: ulifanya nini hapo, uliona au ulisikia nini, ulikuwa unawaza nini, na kwa nini hukufanya vingine. Dakika ishirini, halafu wabadilishane. Mwisho kabisa, sio mwanzo, waulize ni kitu gani walichosoma chuoni kiko ndani ya hicho walichosimulia. Ndo nadharia inavyoingia bila kumchosha mtu, na ndo watakavyomfanyia mwanafunzi.

Kosa la kuangalia hapa: anayeuliza anaanza kushauri. "Mimi ningekuwa wewe ninge..." Mkate papo hapo, kwa upole, kila mara. Hiyo tabia ya kushauri haraka ndo itakayomziba mdomo mwanafunzi baadaye.

HATUA YA 3: Makubaliano ya kujifunza

Wafundishe kuandika makubaliano wiki ya kwanza, msimamizi, mwanafunzi na mwalimu wa chuo wakiwa wamekaa pamoja. Yawe na: mwanafunzi atajifunza nini na tutajuaje kwamba amekijua, kikao cha usimamizi ni siku gani saa ngapi, atakachoruhusiwa kufanya mwenyewe na kisichoruhusiwa, siri za wateja zinatunzwaje, na tukishindwana tunaanza kumwambia nani.

Wengi wanaandika malengo ya hewani kama "kuelewa kazi ya ustawi wa jamii". Hilo huwezi kulipima. Wape dakika kumi na tano waligeuze, mfano: "kufikia wiki ya sita ataweza kuendesha mahojiano ya kwanza na mteja, mimi nikiwa nimekaa pembeni kimya, na kuandika ripoti yake ndani ya siku mbili." Sasa hapo kuna kitu cha kuangalia.

HATUA YA 4: Ngazi za kumpa kazi

Ngazi ziko nne. Anaangalia, anafanya pamoja na wewe, anafanya wewe ukimwangalia, anafanya peke yake akakuletea taarifa. Makosa nayo yako mawili na ni kinyume: msimamizi mmoja anamweka mwanafunzi ngazi ya kwanza mpaka mwisho, kazi yake ni fotokopi na kupanga mafaili, mwingine anamrusha ngazi ya nne siku ya tatu kwa sababu ofisi ina upungufu wa watu. Huyu wa pili ni hatari zaidi kwa sababu anayeumia ni mteja.

Wafanye kila mmoja aandike orodha ya kazi za ofisi yake halisi na apange ipi inafaa ngazi ipi. Kesi za ukatili, za mtu anayetishia kujiua, za kumwondoa mtoto nyumbani, mwanafunzi hazishiki peke yake. Hilo lisiwe la kujadili.

HATUA YA 5: Kikao cha usimamizi cha kila wiki

Saa moja kila wiki, mlango umefungwa, simu imezimwa. Maongezi ya kwenye gari mkitoka kwa mteja ni mazuri, ila hayahesabiki kama kikao.

Nadharia moja tu nawapa hapa, ya Alfred Kadushin, mtaalamu wa usimamizi kwenye ustawi wa jamii, kwamba usimamizi una kazi tatu: ya kiutawala (kazi inafanyika inavyotakiwa?), ya kufundisha (anajifunza nini?) na ya kumtia nguvu (anaendeleaje yeye mwenyewe?). Ukiwaambia wahesabu vikao vyao vya nyuma na mabosi wao, karibu vyote vilikuwa ile ya kwanza tu, mafaili yamefikia wapi, ripoti ya mwezi iko wapi, basi. Watampa mwanafunzi kile walichopewa wasipoamua vingine.

Igizeni. Mmoja msimamizi, mmoja mwanafunzi, dakika ishirini, wengine wanaandika. Mpe mwanafunzi wa igizo siri ambayo msimamizi haijui, mfano: "jana mteja alikusimulia jambo linalofanana na lililotokea nyumbani kwenu, hujalala, na hutaki kusema." Uone kama msimamizi atafika huko au ataishia kwenye logbuku. Wengi mara ya kwanza hawafiki. Warudie.

Wafundishe pia kutumia ripoti ya neno kwa neno. Mwanafunzi anachagua dakika kumi za mazungumzo na mteja, anaandika anavyokumbuka nani alisema nini, pembeni anaandika alichokuwa anawaza na kuhisi wakati ule. Inachosha kuandika, ndo maana ni dakika kumi tu na sio mahojiano yote, ila ukikaa nayo kwenye kikao unaona mahali ambapo mteja alifungua mlango na mwanafunzi akapita bila kuingia. Majina ya mteja yasiwemo, na karatasi isitoke ofisini.

Na jambo dogo lenye uzito: wafundishe kunyamaza. Msimamizi akiuliza swali ahesabu kimya kimya mpaka kumi kabla hajajijibu mwenyewe. Fanya zoezi hili laivu, utaona wanavyohangaika kufika sita.

HATUA YA 6: Kumwangalia mwanafunzi akifanya kazi

Kumpima mwanafunzi ambaye hujawahi kumwona akiwa na mteja ni kubahatisha. Angalau mara tatu msimamizi akae amwangalie, mwanzo, katikati na karibu na mwisho, na mteja aombwe ruhusa kabla, sio akute watu wawili mlangoni.

Karatasi ya kuangalilia iwe na safu tatu: nilichoona na kusikia, tafsiri yangu, swali la kumuuliza. Zoezi lake ni rahisi, fanya igizo la mahojiano ya dakika nane kila mtu aandike, halafu someni safu ya kwanza kwa sauti. Utasikia "hakuwa na ujasiri". Hiyo sio uliyoiona, hiyo ni tafsiri. Uliona nini? "Aliangalia karatasi muda wote, na mteja alipotaja deni akabadilisha mada." Sawa, hiyo iandikwe safu ya kwanza. Rudieni mpaka kila mmoja anatofautisha bila kusaidiwa, hata kama ratiba yako itachelewa. Watu wakiondoka na hili tu siku yako haijapotea.

HATUA YA 7: Mrejesho

Ndani ya siku hiyo hiyo, faragha, na juu ya kitendo sio juu ya mtu. "Wewe mzembe" haimsaidii mtu, "ripoti ya Jumatatu imekuja Alhamisi na haina tarehe ya kumtembelea tena mteja" anajua aende kurekebisha nini. Aanze yeye kusema ameonaje, kisha msimamizi.

Ule mtindo wa kuficha neno gumu katikati ya sifa mbili mimi siupendi. Kwenye maigizo nimeona mara nyingi mwanafunzi anatoka anatabasamu amesikia sifa tu, au kinyume chake, sifa anazisikia kama utangulizi wa kusemwa. Sema zuri kama zuri, sema gumu kama gumu, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema. Halafu mwambie arudie kwa maneno yake alichokisikia, hapo ndo utajua kama kimefika.

HATUA YA 8: Kupima

Leta ile ripoti ya katikati katikati pamoja na fomu ya tathmini. Kila mtu aijaze peke yake, bila kuongea, halafu andika alama zote ubaoni bila majina. Mara zote nilizofanya zoezi hili alama zimetawanyika vibaya, ripoti ile ile mmoja amempitisha vizuri na mwingine amemfelisha. Waache waone. Waulize kila mmoja alitumia kipimo gani. Utasikia mmoja anapima juhudi, mwingine anapima Kiswahili kizuri, mwingine anapima akilinganisha na yeye mwenyewe baada ya miaka kumi na tano kazini. Hapo ndo mnafungua fomu na kukubaliana, kigezo kwa kigezo, "inatosha" inaonekanaje kwa mwanafunzi wa ngazi hii. Kisha wajaze ripoti ya pili, mwone kama mmesogeleana.

Waambie pia habari ya mtego aliouandika mwanasaikolojia Edward Thorndike mwaka 1920. Aliangalia jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari wao akakuta mtu akipewa juu kwenye sifa moja anapewa juu kwenye nyingine zote, hata zisizohusiana. Kwetu ni yule kijana msafi, mwenye adabu, anayewahi ofisini, anakuja kupata alama za juu hata kwenye mahojiano ambayo hakuna aliyemwona akiyafanya.

Kila alama iwe na ushahidi kutoka sehemu zaidi ya moja: uliyoyaona mwenyewe, maandishi yake, maneno ya wenzako ofisini, ya mteja kama amekubali kutoa, na tathmini yake yeye mwenyewe. Kama huna ushahidi wa kigezo fulani usijaze kwa kukisia, nenda kampe nafasi ya kukionyesha, ndo maana fomu inasomwa wiki ya kwanza.

HATUA YA 9: Mwanafunzi anayesuasua

Hapa watu wananyamaza, na hapa ndo nakuomba usipite haraka.

Miaka ya mwanzo niliwahi kumpitisha kijana mmoja kwa huruma. Alikuwa mtu mzuri, familia yake imejinyima kumsomesha, na mimi sikuwa nimeandika chochote tangu wiki ya kwanza kwa hiyo hata ningetaka kumfelisha nisingekuwa na cha kuonyesha. Alikuwa hawezi kutunza siri za watu. Nilijua. Nikasema atajifunza kazini. Baadaye nikasikia kwamba mahali alipoajiriwa habari za mama mmoja zilitoka ofisini zikamfikia mume ambaye mama huyo alikuwa amemkimbia. Yule mama sijawahi kumwona ila ninamwaza mpaka leo kila ninapoishika kalamu ya kusaini fomu.

Kwa hiyo wafundishe utaratibu, kwa sababu huruma peke yake itawashinda:

a) Wasiwasi ukianza, andika siku hiyo hiyo, tarehe, nini kilitokea, ulimwambia nini, alijibu nini.
b) Mwambie mwanafunzi kwenye kikao kinachofuata, wazi, usizunguke. "Nina wasiwasi na hili, na likiendelea hivi hutapita."
c) Piga simu chuoni mapema. Usisubiri tathmini ya katikati.
d) Mkae watatu muandike mpango: nini kibadilike, kwa tarehe gani, atasaidiwa vipi, tutaangalia nini. Wote wasaini.
e) Tarehe ikifika, mpime kwa ule mpango. Akibadilika sema amebadilika na umpongeze kwa dhati. Asipobadilika jaza fomu inavyotakiwa.

Mwanafunzi asisikie siku ya mwisho jambo ambalo hajawahi kulisikia kabla. Akifeli awe anajua kwa nini, na awe alipata nafasi ya kweli ya kujiokoa.

Igizeni hicho kipengele cha b, kila mshiriki lazima akiseme kwa mdomo wake. Wapo watakaocheka kwa aibu, wapo watakaolainisha mpaka ujumbe upotee, warudie mpaka sentensi itoke nzima. Baada ya hapo mlete yule mwanafunzi uliyemwalika awaambie kuambiwa ukweli kulikuwaje upande wa pili.

HATUA YA 10: Cheti kisubiri

Usigawe vyeti siku ya nne. Mshiriki achukue kwanza mwanafunzi halisi, na wewe au msimamizi mwingine mkongwe akae kwenye kikao chake kimoja amwangalie, kwa ruhusa ya mwanafunzi, kwa zile zile safu tatu. Akuletee makubaliano aliyoandika, kumbukumbu za vikao vitatu na fomu aliyojaza yenye ushahidi. England utaratibu wao wa kuwatambua wasimamizi unaenda kwa ngazi mbili na mtu anaangaliwa akifundisha kweli kweli. Huwezi kusema mtu anaweza kusimamia kwa sababu tu amehudhuria.

MAMBO YAKIKWAMA

Mkongwe anasema sisi hatukufundishwa haya na tumekuwa maafisa wazuri. Usibishane naye. Mwombe yeye ndo awe wa kwanza kusimulia kwenye hatua ya 2, mbele ya wote. Akiona utajiri ulioko kwenye kazi yake mwenyewe analainika, na mara nyingi anakuwa mwalimu wako msaidizi.

Washiriki wanatoka toka na simu. Rudi kwa meneja. Kama hawajaachiliwa na kazi, hizo siku hujapewa, ni bora uahirishe.

Msimamizi ni mdogo kwa umri kuliko mwanafunzi. Inatokea sana. Heshima ya umri ibaki, shikamoo iendelee kama ilivyo, lakini yaandikwe kwenye makubaliano nani anampima nani. Walizungumze wiki ya kwanza, likiachwa litajitokeza siku ya kumkosoa.

Mwanafunzi ni ndugu, jirani, au mtoto wa bosi. Apewe msimamizi mwingine. Ikishindikana kabisa, chuo kijue na mtu wa pili asome ushahidi wote kabla ya alama.

Msimamizi na mwanafunzi wameanza kuwa karibu kupita kiasi, mesiji za usiku, kutoka pamoja. Liseme tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwamba mwenye kalamu ya kumpitisha mtu hana uhusiano wa mapenzi na mtu huyo, nukta. Na mwanafunzi apewe namba ya mtu wa chuoni wa kumwambia kama linatokea.

Mwanafunzi analia kwenye kikao. Msimamizi asikimbie na asigeuke kuwa mshauri nasaha wake. Anyamaze naye, amuulize kama aendelee au wapumzike, na kama jambo ni zito la maisha yake amwelekeze kwa mtu mwingine wa kumsaidia. Kikao kirudi kwenye kazi siku nyingine. Maafisa ustawi wana mkono wa kusaidia kila anayelia, hapa lazima waambiwe kabisa kwamba huyu sio mteja wao.

Mwanafunzi anapiga picha au anajadili kesi kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Simamisha siku hiyo hiyo, zifutwe, mteja na uongozi wa ofisi waarifiwe kama taarifa zake zimetoka, chuo kiambiwe, na iandikwe. Hili sio la kusamehewa kimya kimya hata kama ni mara ya kwanza, ingawa mara ya kwanza inaweza kuwa nafasi ya kujifunza.

Ofisi haina afisa ustawi, msimamizi wa kila siku ni mtu wa fani nyingine. Inafanya kazi ikiwa kuna afisa ustawi wa nje anayefanya kikao cha kila wiki na kubeba tathmini. Wale wawili waongee bila mwanafunzi kuwa mpeleka ujumbe katikati yao.

Chuo hakijibu. Andika barua pepe fupi yenye tarehe, hata kama umeshapiga simu mara tano, na uhifadhi nakala. Kama bado kimya nenda kwa mkuu wa idara. Wakati unasubiri endelea na vikao, endelea kuandika, na kazi ambazo huna uhakika nazo usimpe mwanafunzi mpaka mmeongea.